Jumapili za Wapasua Mbao

Siku ile nilipokabidhi msumeno, mchungaji wetu wa sasa, kijana mwema mwenye viatu safi, alisimama mbele yenu vijana wa karakana akawaambia mnitazame mimi. Akasema mzee huyu amefanya kazi ngumu maisha yake yote, lakini uso wake umejaa amani. Mwulizeni siri yake. Mkapiga makofi. Mimi nilitamani kumpiga kofi yeye.

Uso ukishachoka kukunja ndita, watu husema una amani. Ni uzee tu huo. Lakini mmeniuliza, tena zaidi ya mara moja, na mmekuja hadi barazani kwangu hapa Ipyana na maswali yenu ya pumziko la Mkristo, huku mkitazama jua kwa sababu mmeacha kazi nyingine inawasubiri. Basi nawaandikia. Habari za vyeo hamtazipata hapa, maana mpasua mbao ana vyeo viwili tu, wa juu ya gogo na wa chini ya gogo.

Nilianza kazi wakati wa Mjerumani, mwaka nilipomwoa Tupokigwe. Serikali ilitaka mbao za boma kule milimani na za ghala kule Mwaya, ziwani. Jumbe wetu aliambiwa atoe watu, akawatoa wale ambao baba zao hawakuwa na ng'ombe wa kumtuliza. Nikaacha migomba yangu haijapaliwa na mke wangu ana mimba, nikaongozwa na askari mpaka kwenye mashimo ya mbao, upande ule wa Mto Kiwira wenye mivule mingi.

Ninyi mna meza na vyuma vya kushikia mti. Sisi tulikuwa na shimo. Linachimbwa refu kama boti na kina chake kinazidi kimo cha mtu, juu yake inalazwa miti ya kubebea, na juu ya miti hiyo linaviringishwa gogo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia chini. Kati yao ni msumeno mmoja wenye mshikio kila upande. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi wa masizi. Wa chini hafuati kitu chochote ila anavuta na kula unga wa mbao. Unga wa mvule unawasha. Unaingia machoni, puani, shingoni, na jasho likiuchanganya unakuwa kama upupu. Siku ya kwanza nilitoka shimoni macho yamevimba, sikumwona hata aliyenipa maji.

Aliyenipa maji alikuwa mzee Yoramu. Alitoka ng'ambo ya kusini ya ziwa, alikuwa amejifunza kupasua mbao na kusoma katika misheni ya huko, kisha akaja kwetu na meli akabaki. Hakuwa na mke wala ndugu upande huu. Alikuwa mfupi, mikono mirefu, sauti ndogo.

"Ugonile, mwanangu," aliniambia, kwa Kinyakyusa chake kibaya. "Umelala salama?"

"Sijalala, tata," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita baba. "Ni jioni."

"Najua. Lakini hiyo ndiyo salamu ninayoijua."

Akanifundisha. Tupa inashikwa kwa mikono miwili, na jino la msumeno linapigwa upande mmoja tu, hili kulia, lile kushoto, ukikosea msumeno unakwenda kilevi. Kabari inapigwa nyuma ya msumeno kabla gogo halijaubana, si baada. Gogo lenye maji ndani linalia. Likilia, punguza nguvu. Kikubwa kuliko vyote, usisukume. "Wewe vuta zamu yako," alisema, "kisha legeza mikono, mwenzako avute yake. Ukimsaidia kwa kusukuma, mnachoka wote na ubao unapinda." Nilichukua mvua mbili kulielewa jambo hilo kwa mikono. Nawaona ninyi mpaka leo mnasukuma.

Msimamizi wetu alikuwa nyapara Farjala, mtu wa pwani, zamani askari. Alivaa kofia nyekundu iliyofifia na alitembea na kiboko kama wengine wanavyotembea na fimbo ya kuchungia. Sisi tulifanya kazi siku zote za juma. Kengele ya misheni ililia Jumapili, tukaisikia tukiwa shimoni, tukaendelea kuvuta.

Mzungu wa misheni alikuwa akija kutuhubiria saa ya chakula. Sikumchukia, alikuwa akiwatibu watoto wetu vidonda. Siku moja alikaa juu ya gogo letu akasema Bwana Yesu anawaita wote waliochoka na wenye mizigo, waje kwake awapumzishe. Alisema vizuri, kwa Kinyakyusa kizuri kuliko cha Yoramu. Nilisahau hata muhogo wangu. Alipomaliza alifunga mikono akaomba, akasema amina, akamgeukia Farjala akauliza mbao za dari yake zitakuwa tayari lini.

Nilicheka kwa sauti. Farjala akanichapa kwa kucheka. Hayo ndiyo mafundisho yangu ya kwanza ya dini.

Yoramu hakucheka wala hakukasirika. Jumapili iliyofuata alipanda kutoka shimoni kengele ilipolia, akaenda mtoni akaoga, akavaa kanzu yake moja, akakaa chini ya kivuli cha mbao zetu zilizopangwa. Hakwenda hata kanisani. Alikaa tu, midomo ikicheza, uso ameuinua kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani.

Farjala akaja. "Wewe mzee, unaumwa?"

"Hapana, nyapara. Leo ni siku ya Bwana wangu. Kesho nitakupasulia mbao mpaka uzikimbie."

"Bwana wako ni huyo wa boma, na anataka mbao leo."

"Huyo ni bwana wa mbao," Yoramu akasema.

Akalazwa chini akapigwa, ile adhabu ya serikali iliyoitwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, ambayo kila mtu wa umri wangu anaijua kwa ngozi yake. Kisha Farjala akanigeukia mimi. Msumeno una mishikio miwili, alisema, mmoja akiacha, wawili wameacha. Nami nikalazwa.

Nataka mnielewe hapa, enyi mnaoimba habari za amani. Sikumkasirikia Farjala siku ile. Nilimkasirikia Yoramu. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Tupokigwe akanipaka mafuta mgongoni, mtoto amelala pembeni, akaniuliza, "Huyo mzee wako ana Mungu au ana kichaa?"

Kesho yake nilimwambia Yoramu, kabla hata ya salamu, "Wewe na Mungu wako mnanichapisha. Kama anataka kukupumzisha, akupumzishe bila mgongo wangu."

Halafu akaacha tupa, akaenda kwa Farjala mbele ya watu wote, akamwomba kwamba Jumapili ikifika apigwe yeye peke yake, hata mara mbili, na mimi nipewe mwenzangu mwingine wa siku hiyo. Farjala akamtazama sana.

"Mzee," alisema, "mimi ni Mwislamu. Unaniona nakwenda msikitini Ijumaa? Uko wapi msikiti? Ijumaa yangu ilikufa siku nilipovaa nguo za Mdachi. Nikikupa wewe Jumapili, mimi nani atanirudishia Ijumaa yangu?"

Hakukubali. Jumapili iliyofuata Yoramu alitoka tena shimoni, tukapigwa tena. Lakini safari hii, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye majani, mgongo unawaka, nilikataa kurudi kwenye msumeno. Sikukataa kwa imani. Nilikataa kwa ghadhabu. Nilisema kama nimekwisha kulipia Jumapili kwa ngozi, basi nitaikaa. Nikajikokota mpaka kivulini nikajitupa karibu na Yoramu.

"Haya," nikamwambia. "Mwambie huyo Bwana wako nimekuja. Mwambie nimekuja na hasira."

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Anasikia Kinyakyusa."

Nikamwambia. Nilimwambia Kyala, ndiye Mungu kwa lugha yetu, maneno ambayo siwezi kuyaandika, mchungaji wenu atazimia. Nilimwambia juu ya jumbe, migomba yangu, unga wa mbao, Farjala, na yule Mzungu na dari yake. Nilisema mpaka maneno yakaisha, na nilipotafuta mengine sikuyaona. Kisha nililala usingizi. Mchana kweupe, mgongo umechanika, Farjala anapiga kelele kule shimoni, nililala kama mtu aliye kwake. Nilipoamka jua lilikuwa limeelekea kwenye milima, Yoramu bado yuko pale, ananifukuzia nzi.

Hasira ilikuwepo bado nilipoamka. Lakini ilikuwa imeshuka mabegani ikakaa pembeni yangu, kama mtu mwingine, nami niliweza kuinuka bila kuibeba. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo. Nilianza mafundisho ya ubatizo mwaka ule.

Tulichapwa Jumapili nyingine kadhaa. Baadaye ikawa Farjala anaona hasara, maana mtu aliyepigwa hapasui sawasawa Jumatatu, akaanza kupitia upande mwingine siku ya Jumapili, asituone. Hakuturuhusu hata mara moja, ila alipita mbali tu. Tukaishi hivyo miaka, na watu wa mashimo mengine wakaanza kutoka nao kengele ikilia.

Halafu vikaja vita vya Wazungu, na serikali ikawa haina masikio kabisa. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi. Mbao zilitakiwa kwa mashua, kwa masanduku, kwa madaraja ya kupitishia mizigo. Mvua za masika mwaka ule zilianguka kama zilivyozoea kuanguka Kyela, yaani bila huruma. Mashimo yetu yalijaa maji, tukayachota kwa vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, yakajaa tena. Kuta zilikuwa zinatokwa jasho. Haikuhitaji fundi kujua. Hata kuku hakukaribia ukingo.

Jumapili ya Pasaka, Farjala alikuja na askari wawili. Alisema mashua ziwani inangoja mbao na bwana mkubwa amesema asiposhusha mbao hizo kesho atafungwa yeye. Nilimwona anaogopa, lakini hofu yake haikunihusu.

"Shimo litaanguka," Yoramu akamwambia. "Ngoja tulishikize kwa miti. Kesho tutaanza alfajiri."

"Leo."

"Leo ni Pasaka, nyapara. Na shimo litaanguka."

Farjala hakumpiga. Aliacha kubishana naye tu, akaniamuru mimi nipande juu ya gogo, askari mmoja ameniwekea bunduki kifuani. Kwa chini akamchukua Gwakisa, mkulima wa mpunga kutoka Itungi aliyeletwa juma lile, mtu mwenye watoto wadogo wanne, hajawahi kushika msumeno. Gwakisa alisimama ukingoni asishuke. Mvua ilikuwa inanyesha. Kanisani walikuwa wanaimba, tunawasikia.

Yoramu akavua kanzu yake nyeupe. Aliikunja, akaiweka juu ya mbao, akamshika Gwakisa bega.

"Toka, mwanangu. Hii si kazi ya kujifunzia leo."

Nikamwambia, "Tata, leo ni Jumapili."

"Najua ni siku gani," akasema, akashuka.

Tangu aanze kutoka shimoni kengele ikilia, hakuwahi kurudi kwenye msumeno siku ya Jumapili. Alipigwa kwa ajili yake mpaka mgongo wake ukawa kama gome. Na sasa aliiacha kwa ajili ya mtu ambaye hakujua hata jina lake la ukoo. Alishika mshikio wa chini, akanitazama kwa kupitia mwanya wa gogo, akasema, "Vuta taratibu. Ukisikia ardhi, ruka."

Tukavuta. Tulikuwa hatujafika nusu ya ubao nilipoona mti wa kubebea unazama upande mmoja. Nilipiga kelele. Nikaruka. Ukuta wa shimo ulianguka wote kwa pamoja, bila kishindo kikubwa, kama mtu anayekaa chini, na gogo likafuata.

Tulichimba kwa mikono, kwa vyungu, kwa majembe, Gwakisa akilia na kuchimba. Hata wale askari waliweka bunduki wakachimba. Farjala pia alichimba, naandika hilo kwa sababu ni kweli. Tulimkuta akiwa hai. Kifua kilikuwa kimevunjika. Nilimsafisha udongo mdomoni, akanitazama.

"Gwakisa?" akauliza.

"Yupo."

"Ndaga," akasema. Asante. Neno la Kinyakyusa alilolisema vizuri kuliko yote. Akafa watu wakiwa bado wanaimba, maana kwa mvua ile kanisani hawakusikia kitu.

Jumatatu mimi na Gwakisa tulilitoa gogo lile tukalipasua juu ya ardhi kavu, tumelilaza kwenye miti mirefu. Nilimfundisha siku ileile. Tulipata mbao za kutosha sanduku. Farjala akaja, sauti imepotea, akasema, "Ambilikile, mbao hizo ni za serikali."

"Basi serikali izifuate kaburini," nikamwambia. Nilikuwa na shoka mkononi, na sikuwa nimelishika kama fundi. Akaondoka.

Wanawake wa Ipyana walimlilia mgeni yule kama mtoto wao. Mzungu wa misheni alisimama kaburini, viatu vimejaa matope, machozi yanamtoka kweli. Akasema mtumishi huyu mwaminifu alichoka sana duniani, lakini sasa, hatimaye, amepumzika.

Ndugu zangu, sikupanga kusema. Nilisikia sauti yangu.

"Usiseme hivyo!"

Watu wote wakageuka. Tupokigwe akanishika mkono, nikauondoa.

"Usiseme sasa amepumzika," nikasema. "Mimi nilifanya kazi naye. Alikuwa amepumzika akiwa hai. Alipumzika akiwa shimoni, akala unga wa mbao, akapigwa, na bado alikuwa amepumzika, kwa sababu aliyempumzisha hakuwa wewe wala mimi. Ninyi mlimpiga kwa ajili ya pumziko lake. Wewe ulikaa juu ya gogo letu ukatuhubiria, na ulisikia kengele yako inalia huku misumeno inavuta, kila Jumapili, miaka yote, na hukutembea hatua zile kutoka kanisani mpaka shimoni kumwambia nyapara acha. Sasa amekufa ndiyo unampa ruhusa ya kupumzika?"

Nilidhani nitafukuzwa kanisani. Mzungu yule alivua kofia. Akasema polepole, "Ni kweli." Alichukua jembe akaanza kufukia kaburi mwenyewe, vibaya, kama mtu asiyejua jembe, na hatukumsaidia mpaka alipomaliza sehemu kubwa.

Jumapili iliyofuata alikuja mashimoni badala ya kanisani. Alifungua ibada pale, mbele ya askari. Alikuja na iliyofuata. Sikumshukuru. Kitu ambacho mtu alipaswa kukifanya zamani, akikifanya leo, nitakipokea, lakini shukrani asubiri.

Miezi michache baadaye Wajerumani walikimbia, Waingereza wakaingia kutoka kusini. Walioondoka walichukua bunduki na ng'ombe. Farjala walimwacha. Alikuwa na homa, miguu imevimba, hakuna kijiji kilichompokea, na sioni kwa nini kingempokea. Tupokigwe ndiye aliyemkuta, amelala kwenye kibanda kitupu cha mashimo, akaja kuniambia huku amesimama mlangoni.

"Atakufa pale," akasema.

"Afe."

Alipika wali na samaki, akavifunga kwenye jani la mgomba, akaviweka mbele yangu. Hakuniambia nipeleke. Wanawake wa huku wana namna yao ya kuhubiri.

Nilikwenda naye njiani, huyo mwenzangu hasira, tukizozana mpaka kule. Nilisema na Mungu kwa sauti, nikipita katikati ya mpunga, watu wakanitazama. Nilimkumbusha habari za Yoramu. Nilimkumbusha mgongo wangu. Nilisema yote, kama ile siku ya kwanza, na sikuona usingizi safari hii, wala utulivu wowote mtamu mnaouimbia. Niliona tu kwamba miguu ilikuwa bado inakwenda.

Farjala aliponiona alijikinga uso kwa mkono. Alidhani nimeleta shoka. Nikafungua jani nikaliweka karibu naye, nikamwinua nikamwegemeza ukutani, kwa sababu hakuweza kukaa. Alikuwa mwepesi kama ganda la muhogo. Alitazama chakula, akanitazama mimi.

"Ambilikile," akasema. "Umenisamehe?"

"Bado," nikamwambia. "Kula."